Lami ya Mlangoni: Kuziba au Kutandika Upya?

Hapa Edmonton, London, lami ninapoegesha gari ilipauka. Akaja mtu kubisha hodi: ana lami iliyobaki kazini, atanitandikia leo leo kwa bei rahisi. Mimi karani mstaafu. Sikumtolea hata peni. Nikachukua ndoo ya maji.

Mwageni maji mtazame yanakokwenda. Ufa mmoja mwembamba huzibwa tu. Kokoto zikifagilika lakini chini bado pagumu, tabaka jipya linatosha. Nyufa zikiwa nyingi, zimeshikana kama ngozi ya mamba, na pakabonyea, msingi umelegea. Ukitandika juu yake zitarudi zile zile. Hapo huchimbwa kwanza.

Huku adui ni baridi: maji yakiganda ndani ya ufa hutanuka kama asilimia 9. Kwenu Maskati na Dubai ni jua, linaloikausha lami hata ikakatika, na mafuta ya gari yanayoilainisha.

Tena hapa, tangu 2008, kutandika mbele ya nyumba zaidi ya mita 5 za mraba kwa lami isiyopitisha maji, nayo maji hayakuelekezwa kwenye udongo, kunahitaji ruhusa ya halmashauri. Yule bwana hakunitajia hilo. Nimeziba nyufa mbili, basi.