Fyekeo la Trekta: Futi Ngapi kwa Farasi Ngapi?

Mvua za masika zikishapita, mashamba ya minazi na miembe ya Kipungani hubadilika sura katika wiki chache tu. Nyasi hufika magotini, vichaka huchipuka upya palepale vilipofyekwa, na nazi zikianguka hupotea humo ndani. Panga na fyekeo la mkono hufanya kazi hiyo, lakini ni kazi ya siku nyingi na vibarua wengi. Ndiyo maana wazo la wakulima kadhaa kuchanga pesa na kununua trekta ndogo yenye fyekeo la kufungwa nyuma, lile ambalo mafundi huliita slesha, linaeleweka. Wazo ni zuri. Kosa huja dukani, wakati wa kuchagua upana wa fyekeo.

Fyekeo hizi huuzwa kwa futi. La futi 4 hukata upana wa mita 1.2 hivi, la futi 5 mita 1.5, na la futi 6 mita 1.8. Mnunuzi akisimama mbele ya yote matatu, macho humpeleka kwenye kubwa: kazi itaisha upesi. Mtu wa Lamu anayejua bahari hawezi kudanganyika hivyo upande wa boti. Anajua kwamba mashine ya farasi 15 inayokimbiza boti nyepesi itahangaika ikifungwa kwenye mashua iliyojaa mawe ya ujenzi. Shambani mambo ni yaleyale.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba farasi walioandikwa kwenye boneti ya trekta si wote wanaofika kwenye fyekeo. Hiyo ni nguvu ya injini. Fyekeo huzungushwa na shafti inayotoka nyuma ya trekta, inayojulikana kwa mafundi kama PTO, na nguvu ikipita kwenye gia hadi huko nyuma hupungua kwa asilimia 15 hadi 20. Kwa hiyo trekta ya farasi 25 huwa na farasi 20 au 21 tu kwenye shafti. Muuzaji aulizwe nambari hii ya pili. Huandikwa kwenye kitabu cha trekta.

Kanuni inayotumiwa sana na watu wa mashine ni farasi 5 wa shafti kwa kila futi moja ya upana, kwa nyasi na magugu ya kawaida. Kama shamba limegeuka kichaka chenye mashina ya unene wa kidole gumba, farasi zaidi wanahitajika. Trekta ya farasi 25 basi inafaa fyekeo la futi 4. Ya farasi 35, ambayo hutoa 28 au 29 kwenye shafti, inamudu futi 5. Fyekeo la futi 6 linataka farasi 30 wa shafti bila kupungua, na kwa usalama wa injini ni afadhali trekta ya farasi 40 au zaidi.

Sasa tuseme kikundi kina trekta ya farasi 25 na kimenunua futi 6. Kwa futi 4, trekta ikitembea kilomita 4 kwa saa, na tukiondoa muda wa kugeuka na sehemu zinazopitiwa mara mbili, ekari moja huisha kwa takriban saa moja. Kwa futi 6 injini inalemewa, dereva analazimika kushuka hadi kilomita 2 kwa saa, na ekari ileile inachukua karibu saa moja na nusu. Fyekeo kubwa limekuwa la polepole zaidi, na mafuta yanayochomwa ni mengi zaidi.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana siku ya kwanza. Shafti imeundwa izunguke mara 540 kwa dakika. Mzigo ukizidi, mzunguko unashuka, visu vinachana nyasi badala ya kuzikata, injini inapata joto na klachi inaanza kuungua. Bara, fundi atafika kwa pikipiki. Kipungani, fundi na kipuri mara nyingi hulazimika kuvuka maji kwa boti, na trekta iliyokufa katikati ya shamba si kitu cha kukokotwa kirahisi.

Uzito nao upimwe. Hata fyekeo dogo la trekta mara nyingi hupita kilo 200, na lote linaning'inia nyuma. Likiinuliwa, matairi ya mbele hupungukiwa na uzito na usukani hautii, hasa kwenye mchanga kama wa Kipungani. Vyuma vya uzito vya kufungwa mbele vinunuliwe pamoja na fyekeo. Lakini pia upana usipungue kuliko ule wa matairi ya nyuma, la sivyo tairi litalaza nyasi ambazo kisu hakizifikii. Kati ya minazi iliyopandwa kwa nafasi ya mita 8 au 9, futi 4 hupita bila taabu yoyote.

Mashamba ya kisiwani yana mambo yake: vipande vya mawe ya matumbawe, visiki vya minazi, makumbi yaliyofichwa na nyasi. Ncha ya kisu hukimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na jiwe likipigwa huruka makumi ya mita. Shamba lipitiwe kwa miguu kwanza, mawe yaokotwe, visiki viwekewe alama, na watoto, mifugo na wapita njia wawe mbali kabisa. Fyekeo linalonunuliwa liwe na minyororo ya kinga mbele na nyuma, pamoja na pini ya usalama au klachi ya kuteleza, ili kisu kikigonga kisiki ikatike pini ya bei ndogo na si gia.

Kwa wanaotafuta trekta kuukuu, waulize kama shafti ya nyuma ina klachi yake. Katika baadhi ya trekta za zamani haina, na dereva akikanyaga klachi ili asimame, visu vizito vinavyoendelea kuzunguka husukuma trekta mbele. Upo muungo wa chuma wa kufungwa kwenye shafti unaozuia hilo, unaozunguka upande mmoja tu. Bila huo, trekta ya aina hiyo isifungwe fyekeo.

Nyasi zikiwa ndefu mno, hata trekta iliyolingana na fyekeo lake itahema. Dereva apite mara mbili: kwanza fyekeo likiwa juu, kisha chini. Au akate nusu ya upana kwa kila mpito.

Kabla ya malipo, kikundi kimwombe afisa kilimo wa wadi aangalie nambari, na fyekeo lifungwe na kuzungushwa palepale kwa muuzaji. Urefu wa shafti ya kuunganisha upimwe siku hiyo hiyo, fyekeo likiwa chini na likiwa limeinuliwa. Ikiwa ndefu mno itagonga na kuvunja gia, na kuikata ni kazi ya karakana, ifanywe kabla mzigo haujapakiwa botini.