Kiungo Kizuri cha Waya

Mwenye motokari ataka kuongeza taa mbili za mbele, apate kuona njia vizuri usiku. Kazi yaonekana ndogo: waya, swichi na taa. Lakini kiungo kimoja kibaya chaweza kuunguza motokari nzima. Kwa sababu gani?

Umeme watoka katika batri, wapita ndani ya waya, wawasha taa, kisha warudi katika batri kwa njia ya chuma cha motokari. Batri ya motokari ndogo ina volti 12. Taa ya wati 60 yavuta ampea 5. Taa mbili zavuta ampea 10.

Tazameni watu wengi wanaotoka kwa mlango mwembamba: wasukumana, wapata joto. Umeme nao ni vivyo hivyo. Waya zilizosokotwa kwa vidole tu zagusana mahali pachache. Barabara ina mashimo, motokari yatikisika, kiungo chalegea. Maji ya mvua yaingia, shaba yapata kutu ya kijani. Joto lazidi, mpira wa waya wayeyuka, moto washika.

Fundi mwenye akili afanya hivi:

1. Achagua waya ya shaba yenye nyuzi nyingi nyembamba, maana haikatiki upesi. Nayo iwe nene ya kutosha kupitisha zaidi ya ampea 15.

2. Ncha ya waya aitia katika pete ya shaba, aibana kwa koleo la kazi hiyo. Kisha aivuta kwa nguvu. Ikitoka, aanza tena.

3. Waya ya kurudi aifunga kwa skrubu juu ya chuma kitupu. Kwanza akwangua rangi, kwani rangi haipitishi umeme.

4. Karibu na batri, upande wa +, atia fyuzi ya ampea 15. Umeme ukizidi, fyuzi yakatika, waya yapona.

Fyuzi ni mlinzi. Ikikatika, tafuteni sababu. Anayetia kipande cha waya mahali pake amfukuza mlinzi usiku.

Mwishoni fundi awasha taa robo saa, kisha agusa kiungo. Kikiwa na joto kuliko waya yenyewe, akifungua na kukitengeneza upya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maulizo
1. Umeme warudi katika batri kwa njia gani?
2. Kwa nini kiungo kilicholegea chapata joto?
3. Fyuzi yafanya kazi gani?