Mbwa wa Nyumbani Anajifunza Nini Kwako?

Jumamosi moja asubuhi mama mmoja aliingia zahanati mbio, amembeba bintiye wa miaka minne. Mkono wa mtoto ulikuwa umefungwa kwa kitenge. "Nesi, ni mbwa wetu wenyewe!" alisema huku akilia kuliko mtoto. "Tumemfuga tangu mdogo, leo ametugeuka." Baba alikuwa amekwisha kwenda kumtafuta mtu mwenye bunduki.

Nilipokifungua kile kitenge nilikuta jeraha limepakwa mafuta ya taa na majivu. Tulikwenda kwenye bomba, nikaanza kuosha kwa sabuni. Wakati maji yakitiririka nilimwuliza mama habari za mbwa huyo. Alisema alifungwa mnyororo mfupi chini ya mwembe tangu alipoletwa, kwa sababu baba alitaka awe mkali. Watoto wa jirani humtupia mawe wakipita. Chakula chake hutiwa pilipili mara kwa mara, kwani inasemekana huongeza ukali. Siku hiyo mtoto aliona kijiko chake kimeangukia ndani ya sufuria ya mbwa, akainama kukichukua.

Jioni ile nilikumbuka picha za televisheni za mwaka 1998. Tarehe 7 Agosti mwaka huo bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, na jengo la Ufundi lililokuwa jirani likaporomoka. Watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Waokoaji kutoka nchi za nje walikuja na mbwa wao, wakawapandisha juu ya kifusi kile ili wanuse palipo na mtu. Nikajiuliza: mbwa yule alifundishwa nini ambacho huyu wa chini ya mwembe hakufundishwa?

MCHEZO WA KUJIFICHA

Huenda utacheka, mama mwenzangu, lakini mbwa wa uokoaji huanzishwa kwa kibe, mchezo ule ule wanaocheza watoto wetu uani. Mtu mmoja anamshika mbwa. Bwana wake anamwonyesha kamba au mpira anaoupenda, anakimbia nao na kujificha nyuma ya ukuta. Mbwa anaachiliwa. Akimpata, wanacheza pamoja kwa furaha na kumsifu sana. Basi! Kesho bwana hujificha mbali zaidi. Baadaye anajificha mtu mgeni, halafu mgeni huyo hufunikwa kwa mbao au kuingizwa ndani ya bomba la zege. Mbwa hufundishwa kubweka pale pale harufu inapotokea, na asiondoke mpaka watu wafike. Pia huzoezwa kupanda ngazi, kutembea juu ya ubao unaotikisika na kuvumilia kelele za mashine. Yote hayo huchukua kama mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Pua yake ni ya ajabu. Sisi tuna vipokezi vya harufu kama milioni 5. Mbwa ana zaidi ya milioni 200. Kila mtu hudondosha chembe za ngozi iliyokufa usiku na mchana. Chembe hizo na pumzi yake hupenya katika nyufa za kifusi, zikachukuliwa na upepo. Mbwa hufuata upepo huo hadi mahali harufu ilipo kali zaidi. Hajui kwamba anaokoa maisha. Yeye anajua kwamba chini ya mawe yale kuna mtu, na kwamba akimpata, mchezo utafuata.

Ndiyo maana fimbo haifai katika kazi hii. Mbwa anayepigwa hukaa karibu na bwana wake akimtazama usoni, aone kama amekosa. Mbwa wa uokoaji hana budi kwenda mbali asikoonekana, akaamue mwenyewe. Wakati mwingine bwana wake humwita waende upande mwingine, naye akakataa kwa sababu pua imekwisha mwambia. Askari huyo huyo aliyemfundisha utii inambidi sasa amwamini.

Furaha ya mchezo ina uzito wake. Mwaka 2001, baada ya majengo yale marefu ya New York kuanguka, mbwa walitafuta siku nyingi bila kumpata mtu aliye hai. Waliokuwa nao walimficha mwenzao mahali fulani, ili mbwa ampate mtu mzima, asifiwe, na roho ya kazi imrudie.

Tena si mbwa tu. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Malipo yao ni kipande cha ndizi.

MAJUMA YA KWANZA

Udongo uwahi ungali maji. Wataalamu John Paul Scott na John Fuller wa Marekani, katika kitabu chao cha mwaka 1965, walieleza kwamba majuma ya 3 hadi 12 ya umri wa mbwa ndiyo anapojifunza ni nani wa kumwamini. Mtoto wa mbwa akishikwa kwa upole siku hizo, akaona watoto, wazee, baiskeli na kuku, atakua bila kuviogopa. Akifungwa peke yake, kila kinachosogea kitamtia hofu. Wengi wetu huita hofu hiyo ukali, tukafurahi kwamba tumepata mlinzi!

Hofu ina dalili zake. Mbwa hugeuza uso, hulamba midomo, hupiga miayo asiposinzia, hukakamaa mwili, kisha hunguruma. Usimpige kwa kunguruma. Anakuonya, na ukimfundisha kunyamaza, siku nyingine atauma bila onyo. Watoto wafundishwe kutomsogelea akiwa anakula, amelala au ananyonyesha. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata awe mpole kiasi gani.

AKIUMA

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, maana dakika 15 ni ndefu mtoto anapolia. Usipake mafuta ya taa, majivu wala dawa za miti. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona, bali chanjo ikianza mapema humkinga mtu. Mbwa naye asiuawe ikiwa anaweza kufungiwa salama: aangaliwe siku 10 na afisa mifugo. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na ugonjwa matemateni alipouma. Ukimwua na kumzika, umeizika habari hiyo pamoja naye.

Nilimtuma kijana mmoja kwa baiskeli akamzuie yule baba. Mbwa alifungiwa, mtoto akaanza chanjo, siku 10 zikapita salama. Mbwa naye akachanjwa, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Miezi miwili baadaye mama alimleta binti kupimwa uzito. Mnyororo umeondolewa, akaniambia, na uani kumejengwa uzio. Kaka wa yule mtoto, mwenye miaka 13, hujificha nyuma ya banda la kuku akiwa na kipande cha kamba, na mbwa humtafuta. Binti hutazama kutoka mlangoni, ameshika khanga ya mama yake. Mama aliniuliza ni lini naye aweze kucheza. Nilimwambia asubiri kwanza.