Sukari na Maji: Utangulizi wa Elimu ya Aisingi

Karibu katika taaluma ambayo wengi huidhania kuwa ni mapambo tu. Mpambaji wa keki huonekana ana kazi ya kuchagua rangi na kuchora maua. Kumbe kutwa nzima anashindana na maji. Aisingi, iwe ya harusi au ya kipaimara, ni sukari iliyosagwa ikawa unga laini, ikapewa maji kidogo mno. Yote yatakayotokea baadaye huamuliwa na maji hayo: yamebaki kiasi gani, na yanatoka kwa kasi gani.

Ndiyo maana tunaanzia Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma. Mvua ya huku kwa kawaida haifiki milimita 700 kwa mwaka, nayo hukatika Aprili au Mei. Baada ya hapo ni upepo mkavu. Aisingi ya ute wa yai ikipakwa Agosti hushika ngozi mpambaji akiwa bado anaizungusha keki, na ncha ya mfuko wa kuchoreshea huziba asipoifunika kwa kitambaa kibichi. Keki hiyo hiyo ukiipeleka Dar es Salaam wakati wa masika, inatoa jasho na wekundu wa waridi unatambaa juu ya weupe. Kipimo cha kitabuni hakikukosea. Hewa ndiyo imebadilika. Mwaka 1769 Elizabeth Raffald alichapisha huko Uingereza kitabu kilichoelekeza keki ya bibi harusi ipakwe lozi, kisha sukari. Hakuwa na sababu ya kuuwaza upepo wa huku Ugogo. Sisi tunayo.

Asije mtu akakuambia kwamba elimu hii ni ngeni kwetu. Mama wa pwani anayepika visheti anaijua fika. Huchemsha sukari na maji mpaka shira ivute uzi kati ya vidole viwili, humimina visheti, kisha hugeuza bila kupumzika. Ghafla shira inapoteza mng'ao, inakuwa nyeupe, inakauka na kushika. Hiyo ni aisingi kamili: sukari imerudi kuwa chembechembe ndogo zilizojipanga, ambazo wanasayansi huziita fuwele. Akipika kaimati hataki hayo yatokee, kwa hiyo shira huiacha nyepesi zaidi, na wapo wanaoikamulia ndimu. Ile ndimu si ladha tu. Asidi yake, ikipata moto, huivunja sukari ya miwa katika sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo huzizuia fuwele zisijipange.

Hapo ndipo mashamba ya zabibu ya Makutupora yanapoingia katika somo letu. Kituo cha huku cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kinatafiti zabibu, na utamu wa zabibu ni glukosi na fruktosi, karibu nusu kwa nusu. Mkemia Mjerumani Andreas Marggraf aliipata glukosi katika zabibu kavu mwaka 1747. Leo ile glukosi nzito ya kopo, inayotiwa katika fondanti, aisingi ya kukandwa na kutandazwa, ili ikunjike bila kupasuka, huwa inatengenezwa kutokana na wanga. Kwa jina ni sukari ileile iliyoning'inia kwenye mizabibu nyuma ya nyumba. Sioni kwa nini mwanafunzi wa Dodoma aisome kama jambo la mbali.

Aisingi ya siagi nitaipitia haraka: adui yake ni joto, si ukavu, na nyuzi 30 zinatosha kuilegeza.

Neno aisingi utalikuta pia kwa watu wengine, likiwa na maana nyingine. Aisingi ya marubani, yaani barafu inayoshika kwenye ndege, inatuhusu kidogo. Juu ya Afrika Mashariki, kwenye mita kama 5,000, hewa hufika nyuzi sifuri, na wingu la hapo na kuendelea laweza kubeba matone yaliyopoa kupita kiasi bila kuganda. Bawa likiyagusa, yanaganda papo hapo. Visheti sufuriani hufanya vivyo hivyo: kimiminika kilichopitiliza kiwango chake kinasubiri kuguswa tu.

Kwa zoezi la kwanza huhitaji keki. Paka aisingi ya ute wa yai kwenye visahani viwili, kimoja kiache dirishani, kingine kifunike kwa bakuli pamoja na kikombe cha maji ya moto. Viguse kwa kidole kila baada ya dakika kumi, uandike unachokiona kabla ya kufungua sura ya kwanza.