JINA LA MTU KATIKA INTANETI: NI LA NANI, NA LINA THAMANI GANI?



Chama kinachotafuta wanunuzi kwa njia ya intaneti huhitaji anwani yake, iitwayo kikoa. Wako wanaopendekeza anwani hiyo iwe jina la mtu: mwanzilishi, mwenyekiti au mkulima mashuhuri. Kabla kamati haijapitisha azimio la namna hiyo, yafaa ieleweke sheria inasemaje.

Kikoa hakinunuliwi kama shamba. Hukodiwa kwa msajili kwa ada na kwa muda maalumu, na kwa kawaida hupewa aliyetangulia kuomba. Kusajili jina la mtu mwingine si kosa kwa lenyewe, kwani watu wengi huitwa jina moja. Kinachotazamwa ni nia.

Kwa vikoa vya .com, shirika la ICANN liliweka utaratibu wa usuluhishi mwaka 1999. Mlalamikaji hana budi kuthibitisha mambo matatu: kwamba kikoa kinafanana na alama yake ya biashara, kwamba aliyekisajili hana haki nacho, na kwamba alikisajili na kukitumia kwa nia mbaya. Likipungua moja, hushindwa.

Mwaka 2000 mwigizaji Julia Roberts wa Marekani alirudishiwa jina lake, ambalo aliyelisajili alikuwa amelitia mnadani. Mwaka huohuo mwanamuziki Sting alishindwa, maana jina hilo ni neno la kawaida la Kiingereza. Januari 2001 Bruce Springsteen naye alishindwa, ijapokuwa ni mashuhuri. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1999 inakataza pia kusajili jina la mtu aliye hai, bila idhini yake, kwa nia ya kuliuza kwa faida.

Ikiwa mashuhuri hao hupata taabu, mkulima ambaye jina lake halijawa alama ya biashara atapata shida zaidi kulidai. Thamani ya kikoa haimo katika herufi zake, bali katika wateja waliokwisha kukizoea. Wateja hao wakiijua kahawa yetu kwa anwani iliyoandikishwa kwa jina la katibu, siku akiondoka aweza kuondoka nao.

Kwa hiyo kila chama kizingatie haya:

1. Kikoa kiandikishwe kwa jina la chama, kwa azimio lililomo katika mihtasari.

2. Likitumiwa jina la mtu, idhini yake iwe ya maandishi, ikieleza itakuwaje akiacha uongozi au akifariki.

3. Ada iingizwe katika makisio ya kila mwaka. Isipolipwa, jina huweza kuchukuliwa na mwingine.

4. Nywila ihifadhiwe na viongozi wasiopungua wawili.

Ipo pia anwani ya .coop, iliyokubaliwa mwaka 2000 kwa ajili ya vyama vya ushirika. Mali ya chama na iandikwe kwa jina la chama.