Mafahali wawili wa McLaren walivyompa Raikkonen taji

KATIKA mbio za magari ya Langalanga, mpinzani wa kwanza wa dereva si yule wa timu nyingine, bali ni mwenzake wa timu. Wawili hao huendesha magari ya aina moja yaliyoundwa na mafundi wale wale. Hivyo basi, anayeshindwa na mwenzake hana gari la kusingizia.

Hata hivyo, timu huwahitaji wote wawili, kwa kuwa alama zao hujumlishwa katika kuwania taji la waundaji wa magari. Ugumu wa kuwapatanisha ulidhihirika katika timu ya McLaren ya Uingereza msimu wa 2007.

McLaren ilikuwa imemsajili Fernando Alonso wa Uhispania, bingwa wa dunia wa 2005 na 2006 akiwa na Renault. Mwenzake alikuwa Lewis Hamilton, Mwingereza wa umri wa miaka 22 aliyelelewa na timu hiyo tangu utotoni, lakini ambaye hakuwa ameshiriki mkondo hata mmoja wa Langalanga.

Wengi walitarajia Alonso aongoze na Hamilton ajifunze kwake. Kinyume na matarajio hayo, Hamilton alimaliza miongoni mwa watatu bora katika mikondo yake tisa ya kwanza, na akashinda miwili mfululizo nchini Canada na Marekani.

Uhasama ulilipuka nchini Hungary mwezi Agosti, madereva walipokuwa wakitafuta nafasi za kuanzia. Hamilton hakumpisha Alonso jinsi timu ilivyoagiza. Naye Alonso, baada ya kubadilishiwa magurudumu, alibaki amesimama huku Hamilton akisubiri nyuma yake, hadi muda wa mwenzake kuzunguka mara ya mwisho ukayoyoma.

Wasimamizi walimrudisha Alonso kutoka nafasi ya kwanza hadi ya sita, na McLaren ikanyimwa alama za timu za mkondo huo. Hamilton aliibuka mshindi, Alonso akawa wa nne.

Kufikia mkondo wa mwisho nchini Brazil, Oktoba 21, Hamilton alikuwa na alama 107, Alonso 103 naye Kimi Raikkonen wa Ferrari 100.

Ferrari ilikuwa na uhusiano tofauti kati ya madereva wake. Felipe Massa, aliyekuwa ameshakosa nafasi ya kutwaa taji, alikuwa akiongoza mbele ya mashabiki wa nyumbani kwao. Raikkonen alishika uongozi baada ya wote wawili kusimama mara ya pili kuongeza mafuta, na Massa akamfuata bila kumsumbua.

Mshindi alipata alama 10 na wa pili alama 8. Lau Raikkonen angemaliza wa pili, angefikisha 108 na taji lingemwendea Hamilton. Badala yake alimaliza msimu na 110, huku Hamilton na Alonso wakiwa na 109 kila mmoja.

Madereva hao wa McLaren walikuwa wameshinda mikondo minne kila mmoja. Alama walizonyang'anyana zingetosha kumvika mmoja wao taji. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Alonso alirejea Renault msimu uliofuata wa 2008, mwaka ambao Hamilton alitwaa ubingwa wake wa kwanza.