Mavizio Juu ya Ubao wa Sataranji

Ndugu askari, sisi tuliofunzwa mbinu za vita twajua kwamba mavizio hayampimi anayevizia peke yake. Humpima zaidi yule anayeviziwa. Ushahidi wa jambo hilo twauona hata katika mchezo wa sataranji.

Mwezi wa Oktoba 1918, mjini New York, Frank Marshall, bingwa wa Marekani, alikutana mashindanoni na José Raúl Capablanca wa Cuba, ambaye mwaka 1909 alikuwa amemshinda vibaya. Capablanca, mwenye kete nyeupe, alifungua kwa njia ya Kihispania, iitwayo kwa jina la padre Ruy López wa karne ya 16. Njia hiyo iliwaelea wote. Lakini katika hatua ya nane Marshall alimsukuma mbele askari wa malkia, akakubali kupoteza askari mmoja ili apate nafasi ya kumshambulia mfalme.

Husimuliwa kwamba mbinu hiyo aliificha miaka mingi. Iwe kweli au hadithi, Capablanca alitambua mara moja kwamba mtego umeandaliwa. Baadaye aliandika kwamba alitafakari kidogo, akijua mpinzani amekwisha kuzipima njia zote. Hata hivyo moyo wa mapambano ukamwamkia, akaingia.

Katika hatua ya 15 farasi wa Marshall alimla askari aliyemkinga mfalme. Kumkamata farasi huyo kwa malkia kulikuwa rahisi, tena kulikuwa maangamizi. Capablanca hakumgusa, alisogeza ngome yake. Kisha mfalme wake, chini ya moto mkali, akatembea mraba kwa mraba hadi upande wa pili. Shambulio likaishiwa nguvu. Askari mnyonge wa pembeni akasonga hadi mraba mmoja tu kabla ya mwisho, na katika hatua ya 36 vita vikaisha.

Je, mbinu ya Marshall ilizikwa? La. Kosa lilichunguzwa: katika hatua ya 11, badala ya kumrudisha farasi nyuma, aimarishwe kwa askari. Mwaka 1965 Boris Spassky aliitumia dhidi ya Mikhail Tal, na hadi leo mabingwa wengi hupita njia nyingine ili wasikutane na Shambulio la Marshall.

Basi, ndugu zetu, aliyeviziwa atulize moyo, na aliyeshindwa arudie ramani yake. Asiyekubali kushindwa si mshindani.